Ukuta wa Magodoro

Mlinzi wa ghala, mzee Filipo, ndiye aliyemkuta. Ilikuwa Jumamosi, saa tatu asubuhi haijatimia, Kimamba, ndani ya lile ghala kuukuu la mkonge ambalo siku hizi limegeuzwa uwanja wa mbio. Mzee alikuwa ametoka kunywa uji kwa mama ntilie wa stesheni. Aliingia kwa mlango wa nyuma, akamwona binti amelala kifudifudi chini ya ukuta wa mwisho, akadhani anapumzika, maana wakimbiaji hawa hujilaza popote. Akamsalimia. Akamsalimia tena. Alipoinama kumtazama vizuri ndipo alipoiona damu, na Filipo huyu, ambaye hakuna mtu wa Kimamba aliyewahi kumwona akiharakia jambo, alitoka mle mbio hadi relini, kofia mkononi.

Aliyelala pale alikuwa Devota Mwegoha. Jamani, Devota! Wiki nzima redio zilikuwa hazina habari nyingine. Binti wa Malolo, huko ng'ambo ya Mikumi, alikuwa apande ndege Jumatano kwenda Ulaya kukimbia mita sitini kwenye mashindano ya dunia ya ndani. Ndani kweli, chini ya paa, mbio fupi kiasi kwamba ukipiga chafya umekosa uhondo. Nchi ilikuwa na nafasi moja tu ya wanawake, na nafasi hiyo alikuwa nayo yeye. Kilosa yote ilivimba kichwa. Sasa alikuwa kwenye vumbi la mkonge na inzi wameshaanza kumzunguka.

Inspekta Generoza Mbago wa upelelezi alifika na Konstebo Donati, dereva wake, gari limepakwa matope ya barabara ya Kilosa hadi kwenye vioo. Generoza ni mwanamke wa maneno machache, na mengi katika hayo machache ni makali. Alisimama mlangoni kwanza, akayaacha macho yafanye kazi.

Ghala lilikuwa refu na jembamba. Katikati ulilazwa mkanda wa mpira mweusi, ule wa kubebea miwa kiwandani, ambao kocha aliuomba ulipochakaa. Hiyo ndiyo njia ya kukimbilia. Mwanzo wa mkanda kulikuwa na vile vyuma vya kukanyagia wakati wa kuanza. Mwisho wake, hatua chache baada ya mstari mweupe, kulikuwa na ukuta wa matofali, na mbele ya matofali magodoro ya sponji yamesimamishwa yakafunikwa turubai la kijani lililokazwa juu kwa kamba. Turubai lilikuwa na damu, pale ambapo kichwa cha mtu mzima kingegusa. Marehemu alikuwa chini yake. Pembeni, karibu kabisa na ukuta, zilikuwepo mbao mbili zenye mishikio, zile anazogonganisha kocha badala ya bastola ya kuanzishia mbio.

Mkuu wa upelelezi wa wilaya alifika nyuma yao, akazitazama zile mbao, na kwake kesi ikawa imekwisha. Binti kapigwa mbao. Mbao za nani? Za kocha. Na mzee Filipo, maskini wa Mungu, alipoulizwa kama kulikuwa na ugomvi wowote, akasema alichokisikia: jana yake jioni Mwalimu Stefano, kocha mwenyewe, alikuwa anamfokea Devota nje ya ghala, na Devota analia. Mwalimu mwenyewe alikuwa ameondoka asubuhi ile na pikipiki yake kwenda Mikumi kuonana na kiongozi wa riadha kuhusu safari. Ameondoka saa ngapi hasa, hakuna aliyejua. Alikamatwa hukohuko Mikumi, chai yake bado iko mezani. Kufika alasiri vijana wa Kimamba walikuwa wameshavunja madirisha ya nyumba yake kwa mawe.

Kwa Generoza hili halikuwa jalada tu. Mwalimu Stefano alimfundisha darasa la nne. Ndiye aliyekwenda kwao, akakaa kibarazani mpaka jua likazama, akimwambia baba yake kwamba binti huyu haozwi, anasoma. Bila mzee huyo Generoza angekuwa anapalilia shamba la mume mahali fulani. Sasa mzee ana kisukari, kesi ya mauaji haina dhamana, na Jumatatu asubuhi alikuwa apelekwe mahakamani. Mtu wa umri wake akiingia gerezani kwa kesi kama hiyo, hata ukija kumsafisha baadaye, unamsafisha maiti.

Mkuu wake aliyajua hayo yote, na hakumficha. Alimwambia kwamba kama Jumatatu hana kitu mkononi, jalada linakwenda lilivyo.

Generoza alimfuata mzee mahabusu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

Swali lile lilimchoma. Mtu yuko nyuma ya nondo, anauliza wenzake kama wamekula. Akamwuliza moja kwa moja jana yake jioni walikuwa wanagombania nini.

"Aliniambia jambo lake," Mwalimu akasema. "Amekufa nalo. Kesho wanamzika, wamwache na heshima yake. Mimi sitalitoa."

"Mwalimu, wanakupeleka kwenye kesi ya kuua."

"Nimesikia."

Basi. Alifinya midomo, na Generoza aliijua midomo ile tangu utotoni, ikishafungwa imefungwa. Alitoka pale amekasirika hadi machozi yanamlenga, akampita Donati bila kumtazama.

Mtu wa pili alikuwa Upendo, mwenzake Devota kwenye kambi ya wakimbiaji, wa pili kwa kasi. Mji wote ulikuwa unanong'ona kwamba huyu ndiye mwenye faida. Generoza naye aliwaza hivyo, mpaka alipomkuta na paja limefungwa bandeji. Upendo alikuwa hospitali Kilosa tangu alfajiri, na muuguzi aliyemhudumia alithibitisha. Zaidi ya hayo, majina ya mashindano yalikuwa yamefungwa zamani. Devota asipokwenda, haendi mtu. Upendo alilijua hilo kuliko mtu yeyote, maana alililia siku mbili.

Lakini alichokieleza kilikuwa na uzito. Alimwonyesha Generoza kwenye simu mbio za wanawake za mashindano yaliyopita. Wanawake wanane, mlio, halafu kama upepo wamepita. Na baada ya mstari hawakupunguza mwendo hata kidogo. Wakaenda kugonga ukuta mkubwa wa sponji, mmoja baada ya mwingine.

"Mbona hawajizuii?"

"Ukijizuia umeshindwa, afande. Unakimbia kama ukuta haupo. Wenyewe ni laini, unakupokea."

Ndiyo maana Mwalimu Stefano aliwajengea wa kwao. Fedha za sponji maalumu hazikuwepo, basi magodoro waliyolalia usiku ndiyo yaliyokuwa ukuta mchana. Kila alfajiri Mama Brayan, mpishi wa kambi, aliyabeba kuyapeleka ghalani, na jioni akayarudisha. Siku moja alikuwa ameyaanika juani, Upendo akasahau akakimbia, akavunja kidole. Tangu siku hiyo Mwalimu akaweka sheria. Hakuna anayekimbia mpaka mtu wa pili aende mwisho, ausukume ukuta kwa bega, aite. Mkimbiaji anauliza, "Ukuta?" Mwenzake anajibu, "Upo!" Ndipo mbao zinagongwa.

"Devota angeweza kukimbia bila hiyo sauti?" Generoza akauliza.

"Devota? Hata ghala lingekuwa linaungua, asingekimbia."

Generoza aliliweka hilo moyoni, akaenda jikoni kwa Mama Brayan. Alikuwa mwanamke kijana, mrefu, mkavu wa mwili, anachambua mchele kwenye ungo, macho makavu. Alimwamkia Generoza, akamsogezea kigoda. Alieleza kwamba anatoka Malolo, na kwamba marehemu mwenyewe ndiye aliyemtafutia kazi pale, mwaka jana. Asubuhi ile aliyapanga magodoro ghalani kama kawaida, akafunika turubai, akaenda gengeni kutafuta nyanya; aliporudi akakuta watu wamejaa. Hakusikia kitu. Alijibu yote hayo bila kuacha kuchambua. Donati aliandika Mama Brayan, mpishi, wakaenda zao.

Jioni daktari akasema neno lililomnyima Generoza usingizi. Shingo imevunjika. Paji la uso limepasuka. Na mikono yote miwili imevunjika kwenye kifundo cha kiganja, kama ya mtu aliyeitanguliza. Kisogoni hakuna hata mchubuko. Angekuwa hajui alikotoka, daktari alisema, angeandika kwamba amegongwa na lori.

Jumapili asubuhi na mapema Generoza alirudi ghalani na Donati. Alilifungua turubai lenye damu, akaligeuza. Damu ilikuwa imepenya hadi upande wa nyuma. Kisha akamwambia Donati atoe magodoro, moja moja, taratibu. Yalikuwa masafi. Godoro la kwanza, lililokuwa limegusana na turubai, halikuwa na tone. Nyuma ya magodoro yote, kwenye matofali, usawa wa kichwa, kulikuwa na doa jeusi la damu iliyokauka.

Donati alilitazama lile doa, akalitazama turubai, akatazama magodoro aliyoyakumbatia. Aliyaweka chini polepole.

"Afande, damu imeruka vipi magodoro?"

"Haikuruka," Generoza akasema. "Hayakuwepo."

Binti hakupigwa na mtu. Alikimbia kwa nguvu zake zote, amejiachia, akaenda kujipasua kwenye matofali aliyoamini ni sponji. Halafu mtu akaja, akayarudisha magodoro nyuma ya turubai, akaondoka. Generoza alilazimika kukaa juu ya ndoo iliyokuwa pale. 

Kisha akayapapasa magodoro. Upande mmoja yalikuwa na vipande vya majani yaliyonyauka na mbegu za nyasi zilizong'ang'ania kitambaa. Akamwita mzee Filipo. Ndiyo, mzee akasema, jana asubuhi alipokuwa anakwenda kunywa uji aliona magodoro yameanikwa nje, nyuma ya ghala. Mbona hakusema? Hakuulizwa. Magodoro kuanikwa ni habari ya kupeleka polisi?

"Yalikuwa yamelazwa juu ya turubai?"

Mzee alifikiri. "Hapana, mama. Juu ya majani mabichi. Nikashangaa, maana Mama Brayan lazima atandike turubai kwanza. Ukiligusisha godoro lake kwenye umande, siku hiyo utakula maneno."

Kumbe! Magodoro yakitoka kuanikwa, turubai hutoka nayo. Siku ile turubai lilibaki limetundikwa peke yake mbele ya matofali, limekazwa vizuri, na kwa aliyesimama kule mwanzo wa mkanda ukuta ulionekana uleule wa siku zote. Hiyo haikuwa bahati mbaya. Na zile mbao mkuu wake alizoziita silaha zilikuwa ukutani badala ya kule mwanzo anakosimama Mwalimu, kwa sababu aliyezigonga alikuwa mtu mmoja tu, amesimama upande wa ukuta. Ameita, amegonga, amesogea pembeni.

Sasa nani? Magodoro ni kazi ya Mama Brayan, hilo liko wazi. Lakini mpishi aliyetafutiwa kazi na marehemu, mwanamke wa kijiji kimoja naye, amwue kwa lipi? Hakimu angeuliza hivyo kabla ya kitu kingine chochote, na wakili yeyote angesema mama wa watu alianika magodoro akasahau turubai, ajali, akaogopa. Generoza aliukosa uzi wa kuyaunganisha hayo. Mazishi yalikuwa Malolo alasiri ileile, na watu wa kambi, mpishi akiwemo, walikuwa wameshatangulia. Wakaondoka.

Msibani Malolo watu walikuwa wengi kuliko kivuli. Viongozi walikuwa na viti vyao, kwaya ilikuwa imevaa sare, maturubai yamefungwa mpaka kwenye mahindi. Msalaba wa mbao ulikuwa umeegemezwa ukutani, umeandikwa kwa rangi nyeupe DEVOTA MWEGOHA. Generoza alikaa chini na wanawake, kwenye mkeka. Bibi wa marehemu, Sikuzani, kikongwe aliyebaki mifupa na sauti, alikuwa anaomboleza kwa Kisagara, na katikati ya Kisagara chake lilikuwa linajirudia jina moja. Monica. Monica wangu. Monica nani atanizika.

Mama mmoja alimgusa kikongwe bega, akamnong'oneza jambo. Kikongwe akanyamaza kidogo, kisha akaanza tena, na tena ni Monica.

Generoza alisubiri mpaka wanaume walipoondoka kwenda kuchimba kaburi. Akasogea, akapiga goti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

Akampa pole, akamshika mkono. Akamwuliza kwa upole, huyu Monica ni nani.

"Ni huyu ninayemzika," kikongwe akasema, na akanyoosha kidole kuelekea msalaba. "Sisi hatusomi, lakini wanasema pale wameandika Devota. Devota ni wa jirani, wa marehemu Mwegoha. Monica alifeli darasa la saba, na Devota alikuwa ameacha shule, amepata mimba. Mwalimu mkuu akasema aende shule ya bweni kwa jina la yule. Wakati ule watoto wote walifanya hivyo, haikuwa kitu." Alifuta macho kwa ncha ya khanga. "Sasa mjukuu wangu amekufa, wanamzika kwa jina la mtu aliye hai."

"Na Devota yuko wapi, bibi?"

Kikongwe alimtazama kama anayeulizwa jua liko wapi.

"Si yule pale anayesonga ugali?"

Generoza aligeuka. Kwenye moshi, mwiko mkubwa mikononi, amejifunga khanga kiunoni, alisimama Mama Brayan. Mama Brayan! Tangu jana watu wote walikuwa wanamwita hivyo, kambini, gengeni, kwenye maelezo ya polisi. Generoza alikuwa amechukua jina la mlinzi mpaka la babu yake, lakini huyu hakumwuliza. Nani amwulize mama wa watu jina lake? Ukishazaa, jina lako ni la mwanao. Alijiona mjinga, na alistahili.

Kabla ya kuondoka aliingia ndani ya gari, akapiga simu kituoni, akaomba apewe Mwalimu Stefano. Akamwambia tu kwamba jina analijua. Upande wa pili mzee alishusha pumzi ndefu, na baada ya hapo alieleza yote waliyogombania siku ile. Simu ilipokatika Generoza alibaki ndani ya gari, kioo kimefungwa na joto lote lile.

Baada ya mazishi Mama Brayan mwenyewe aliomba lifti. Anarudi Kimamba kuchukua vitu vyake, alisema. Mwanawe Brayan atabaki na bibi Sikuzani. Jua lilikuwa linaelekea kuzama walipofika Mikumi, na Generoza akamwambia Donati asimame kwenye hoteli moja ya kando ya barabara wanywe chai. Malori ya Iringa yalikuwa yanapita, meza inatikisika. Donati alikaa meza ya mlangoni.

Chai ilipoletwa Generoza hakuigusa.

"Devota," akasema.

"Abee."

Sauti iliitika yenyewe. Yule mwanamke alibaki na kikombe hewani, kisha akakirudisha kwenye sahani kwa mikono miwili. Hakukana. Alitazama nje barabarani.

"Siku nyingi sijaliitikia," akasema.

Generoza alimweleza taratibu alichokiona: damu kwenye matofali, magodoro masafi, mbegu za nyasi. Mama Brayan alisikiliza mpaka mwisho, akasema kwamba aliyaanika tu, magodoro yalikuwa na jasho, na Monica akakimbia mwenyewe bila kutazama. Aliogopa, akayarudisha. Kosa lake ni hilo.

"Ungeyaanika kweli, turubai lingekuwa chini yake," Generoza akasema. "Wewe ulilikaza ukutani kwa kamba. Na Monica hakukimbia bila kuita, unajua. Aliuliza, 'Ukuta?' Wewe ukamjibu nini?"

Lori likapita. Lingine likapita.

"Nikamwambia upo."

Alisema kwa sauti ndogo, lakini Donati mlangoni alisikia, maana aliacha kutafuna.

Baada ya hapo hakuhitaji kuulizwa. Maneno yalitoka kama ya mtu aliyeyabeba kichwani miaka mingi na shingo imechoka. Alisema kwamba alipokuwa na miaka kumi na minne hakuna mtoto wilaya nzima aliyemshinda mbio. Alishinda mashindano ya shule za msingi pale Kilosa bila viatu, sketi ameikunja kwa pini, na Monica alikuwa wa pili. Barua ya kuitwa shule ya bweni yenye michezo ilipokuja ilikuwa na jina lake, Devota Mwegoha, lakini yeye tumbo lilikuwa limeshaonekana. Monica alikwenda na jina, na barua, na zile mbio zilizoshindwa tayari. Yeye alibaki na Brayan. Hakumchukia wakati ule, alisema. Ilikuwa kama mtu amekufa na mwingine amerithi nguo zake.

Monica alipompa kazi ya kupika alishukuru. Kila asubuhi alisimama ukutani akiita "Upo!" na kumtazama mwenzake anakuja, na miguu yake mwenyewe ilikuwa inamwasha. Alivumilia. Kilichomshinda ni redio.

"Ijumaa walimhoji," akasema. "Wakamwuliza alianzaje. Akasimulia ile siku ya Kilosa. Bila viatu. Pini kwenye sketi. Mpaka lile jambo la mwalimu wa zamu kunipa chungwa, akalisema lake. Brayan alikuwa amekuja likizo, tumekaa jikoni tunasikiliza. Akaniambia, mama, kumbe mama mdogo alikuwa shujaa hivyo, wewe ulikuwa unafanya nini siku hiyo? Afande, ningemjibu nini? Shule alichukua. Jina alichukua. Sasa ile siku moja, moja tu niliyokuwa nayo, naye akaichukua mbele ya mwanangu."

Asubuhi Mwalimu aliwasha pikipiki akaenda zake, Upendo hayupo, na Monica akamwomba amsimamie ukuta akimbie mara moja ya mwisho kabla ya safari. Magodoro alikuwa ameyatoa nje, turubai ameliacha linaning'inia. Alilikaza kamba, akaita. Alifikiri atavunjika mguu, akasema, asiende. Kisha akasita, akatikisa kichwa. "Hapana. Sikufikiri mguu. Nilitaka asimame. Nilitaka asimame tu."

Generoza alikuwa na la kumwambia, na angependa asiliseme. Lakini mzee alikuwa ndani kwa sababu yake, na mahakamani lingesemwa tu na watu wasiojali. Akalisema.

"Ijumaa jioni, baada ya redio, Monica alimfuata Mwalimu Stefano analia. Alimwambia jina si lake. Alitaka Jumamosi hiyohiyo waende wote Mikumi kwa kiongozi wa riadha akaseme ukweli, nafasi ipotee, wewe urudishiwe jina lako. Alisema amesimulia habari yako redioni mpaka akajisikia mwizi. Mwalimu ndiye aliyemfokea. Alimwambia akimbie kwanza, akirudi ndipo waseme. Ule ndio ugomvi."

Mama Brayan alimtazama. Halafu akaanza kuuma ukucha wa dole gumba kama mtoto, akauuma mpaka ukatoka damu, na Generoza ikabidi amshike mkono aushushe mezani. Waliondoka chai haijanywewa. Usiku ule Kilosa, Donati alipofungua maelezo ya mtuhumiwa na kuuliza jina, Mama Brayan alijibu bila kusitasita: Devota Mwegoha, wa Malolo. Donati alimtupia jicho Inspekta wake, na Inspekta akaitikia kwa kichwa. Akaandika.

Jumatatu Mwalimu Stefano alitoka. Hakuna aliyemwomba radhi, na madirisha yake hakuna aliyeyarudishia.

Siku ya mbio ilipofika, Devota alikuwa angali mahabusu pale kituoni, jalada likisubiri saini ya mkoani. Mwalimu alikuwa amekuja na chakula kwenye hotipoti. Alikuja kila jioni. Hakusema anamletea nani, na askari hawakumwuliza. Televisheni ya kaunta ilikuwa imewashwa. Wanawake wakaonyeshwa mmoja mmoja, wanapunga mikono, wanajipiga mapaja, na mtangazaji akawataja kwa njia zao. Alipofika njia ya tano kamera ilitua kwenye vyuma vitupu.

"Njia ya tano ilikuwa ya Mtanzania," mtangazaji akasema. "Devota Mwegoha. Devota Mwegoha hayupo."

Mahabusu ya wanawake iko hatua chache kutoka kaunta. Sauti ilitoka kule ndani, haikupazwa, ya mtoto anayeitikia jina darasani.

"Nipo."

Donati alinyoosha mkono kuizima televisheni. Generoza alimzuia. Mlio ukalia, wanawake wakaruka wakapita, huku njia ya tano ikiwa wazi katikati yao kama jino lililong'oka, na hakuna hata mmoja aliyepunguza mwendo. Mwalimu Stefano alifumba macho kabla hawajaufikia ukuta. Generoza aliendelea kutazama. Waliugonga mmoja mmoja, ukawapokea, wakageuka wanahema, wazima, wakianza kutafuta kwenye ubao nani ameshinda.